Maswali mnayoniuliza kuhusu Njia ya Yakobo nchini Uswisi

Kila nikituma picha ya viatu vyangu vimejaa matope, maswali yanakuja yaleyale. Nimeona niyajibu yote kwa mara moja. Mimi ni mzaliwa wa Ulanga, naishi Uswisi, na njia hii nimeitembea vipande vipande, likizo hadi likizo.

Njia ya Yakobo ndiyo ipi? Si iko Hispania?

Mwisho wake ndio uko Hispania. Tangu karne ya 9 Wakristo wamekuwa wakienda Santiago de Compostela, mahali wanapoamini amezikwa Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo. Ila hujaji wa zamani hakupanda ndege hadi mpakani mwa Hispania ndipo aanze hija. Alifunga mlango wa nyumba yake, akaaga, akaanza kutembea. Waliotoka kusini mwa Ujerumani na Austria ilibidi wakatize Uswisi: walifika Ziwa Konstanz, wakapita kwenye mabonde na kando ya maziwa mpaka Geneva, kisha wakaingia Ufaransa. Kipande hicho leo kinaitwa Via Jacobi, na ni njia ya taifa namba 4 kwa watembea kwa miguu.

Maziwa utakayoyaona, kwa mpangilio: Konstanz, Zürich, Luzern, Sarnen, Lungern, Brienz, Thun na Geneva. Manane. Kuna siku utaamka kando ya moja na kulala kando ya jingine.

Ni umbali gani, na siku ngapi?

Kutoka Konstanz hadi Geneva ni kama kilomita 450. Ukitembea kilomita 20 kwa siku na kupumzika Jumapili, weka wiki nne. Wenye nguvu humaliza kwa tatu.

Lazima niimalize yote?

Hapana. Ukiwa na siku nane au tisa tu, anzia Rapperswil uishie Interlaken. Hapo utapata maziwa sita, abasia (monasteri kubwa) ya Einsiedeln, korongo la Ranft na kipito cha milimani cha Brünig. Sehemu ya Romont na Moudon, kuelekea Lausanne, ni nzuri, lakini ni mashamba ya ngano na upepo. Niliipenda siku ya kwanza. Siku ya tatu nilikuwa nahesabu nguzo za umeme.

Milima ni mikali? Sijawahi kupanda hata Uluguru.

Tulia. Kilele cha njia nzima ni Haggenegg, mita 1,414 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Arusha uko kimo hichohicho, na watu wanauza ndizi huko bila kuhema. Pumzi haitakuishia.

Kinachowamaliza watu ni kuteremka. Kutoka Einsiedeln unapanda kama mita 530 kufika Haggenegg, huku ukiwa na vilele viwili vya Mythen mbele yako kama pembe za ng'ombe, na wote tunafika juu tukitabasamu na kupiga picha. Halafu unatakiwa kushuka hadi Schwyz, karibu mita 900, siku hiyohiyo. Mara ya kwanza nilishuka mbio kwa furaha. Nilipofika mjini nilikuwa nateremka ngazi za kanisa kinyumenyume, nimeshika ukuta, na bibi mmoja aliyekuwa anatoka kusali akanishika mkono. Tangu siku hiyo sitoki bila fimbo mbili za kutembelea. Fupisha hatua, kunja magoti kidogo, na usione aibu kupitwa na wazee wa miaka 70. Watakupita tu.

Jambo moja la kukariri: namba ya helikopta ya uokoaji, Rega, ni 1414. Ni tarakimu zilezile za kimo cha Haggenegg, kwa hiyo huna kisingizio cha kuisahau. Gari la wagonjwa ni 144, na 112 inafanya kazi kote Ulaya.

Kwa nini Bikira Maria wa Einsiedeln ni mweusi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi huuliza kwa matumaini fulani. Nitaanza na mahali penyewe.

Katika karne ya 9 mtawa aitwaye Meinrad aliingia msituni hapo akaishi peke yake. Mwaka 861 majambazi wawili aliowakaribisha na kuwapa chakula walimuua. Masimulizi yanasema kunguru wawili aliokuwa akiwalisha waliwafuata wauaji hadi Zürich wakiwapigia kelele mpaka wakakamatwa. Kunguru hao wako hadi leo kwenye nembo ya abasia. Abasia yenyewe ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 934, na kanisa kubwa unaloliona sasa lilijengwa karne ya 18, lote dhahabu na malaika.

Ndani ya kanisa hilo, karibu na mlango, kuna kikanisa kidogo cha marumaru nyeusi, na humo ndimo amesimama Mama na Mwana. Sanamu ilichongwa karne ya 15, na haikuchongwa ili iwe nyeusi. Mishumaa na taa za mafuta za mahujaji ziliipaka moshi kwa miaka mingi mpaka ikawa hivyo. Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yalipovamia, watawa waliificha, ikapelekwa hadi Austria, na fundi aliyeitengeneza huko akaondoa masizi. Basi ikawa shida: watu wa Einsiedeln walimjua Mama yao mweusi na hawakumtaka mwingine. Ikabidi apakwe rangi nyeusi, na hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani.

Kwa hiyo hapana, si kwamba mtu wa zamani aliamua kuchonga Mwafrika. Kwangu mimi hadithi yenyewe ni tamu zaidi ya hiyo: weusi ulianza kwa moshi wa sala za watu, na ulipofutwa, watu haohao wakaudai urudi. Nilipiga magoti pale mara ya kwanza nikiwa nimevaa koti la mvua linalonuka jasho, yeye akiwa amevaa kanzu ya dhahabu. Ana kanzu nyingi, na hubadilishwa kufuatana na majira ya Kanisa.

Panga ufike kabla ya saa 10 na nusu alasiri. Watawa huimba Masifu ya Jioni saa hiyo, kisha huandamana hadi mbele ya kikanisa na kuimba Salve Regina, ile ile Salamu Malkia yetu, kwa Kilatini. Na nje uwanjani kuna chemchemi yenye mifereji 14. Desturi ni kunywa maji kwenye kila mfereji. Mimi nilichanganyikiwa hesabu nikaanza upya.

Nikipanda meli ziwani, si nitakuwa nimedanganya?

Watu wa mazoezi ndio wanaouliza hivi. Jibu ni hapana. Ukifika Brunnen, Ziwa Luzern limekaa mbele yako na miamba imeingia majini. Mahujaji wa karne za kati walilipa mvuvi awavushe, nawe utalipa meli ikuvushe. Ukishuka Treib, ng'ambo tu, utapanda hadi Emmetten na kuteremka Beckenried. Ukibaki melini utafika Beckenried umekaa. Yote ni hija. Vivyo hivyo Ziwa Thun: kutoka Merligen au Gunten meli inakupeleka Spiez.

Ambapo sikushauri uvuke kwa chombo ni Rapperswil. Pale kuna daraja la mbao la watembea kwa miguu, mita 841, linalokatiza Ziwa Zürich hadi Hurden. Lilifunguliwa mwaka 2001, lakini nguzo zilizokutwa chini ya maji zinaonyesha kwamba watu walijenga madaraja hapo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Pita asubuhi na mapema. Mbao zinalialia chini ya viatu, bata wanapita kati ya nguzo, na milima ya mbele bado ina ukungu. Kisha unaanza kuupanda mlima Etzel, na huo ukungu unaugeuza kuwa jasho.

Huyo Ndugu Klaus ambaye mahujaji wa Uswisi humtaja ni nani?

Ni Niklaus von Flüe, mtakatifu msimamizi wa Uswisi. Alizaliwa mwaka 1417, akawa mkulima mwenye mali, askari, hakimu, mume wa Dorothea na baba wa watoto kumi. Tarehe 16 Oktoba 1467, akiwa na miaka 50, aliaga nyumbani akaenda kuhiji. Hakufika mbali. Akarudi, akateremka kwenye korongo la Ranft, dakika chache tu kutoka kwa mkewe, na akakaa humo miaka 20 hadi kifo chake mwaka 1487. Inasemekana muda wote huo hakula chochote ila Ekaristi.

Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, hakujali habari za kufunga. Aliuliza: "Na huyo mwanamke na watoto kumi, aliwaachia nani?" Ni swali la haki. Mtoto wa mwisho alikuwa mchanga, hajatimiza hata mwaka. Kijana mkubwa alikuwa na umri wa kushika shamba, na Dorothea alikubali mumewe aondoke. Masimulizi yanasisitiza kwamba bila ridhaa yake asingekwenda. Siku hizi mahujaji wengi humtaja Dorothea pamoja na mumewe, na mimi naona wamechelewa.

Chumba chake cha mbao bado kipo. Ingia ukiwa umeinama, dari iko chini. Kuna kidirisha kimoja kinachotazama altare ya kikanisa kilichoungana nacho, na kingine kinachotazama nje, ambako watu walikuja kumuomba ushauri. Walikuja hata wakubwa. Mwaka 1481 majimbo ya Uswisi yalikuwa yanakaribia kupigana, mojawapo ya sababu ikiwa kama yaikubalie miji ya Fribourg na Solothurn kujiunga nayo. Paroko wa Stans aliteremka Ranft usiku, akarudi na ujumbe wa Klaus, na mkutano uliokuwa umevunjika ukafikia makubaliano. Alichosema hasa hakikuandikwa. Ila siku kadhaa mbele, ukiingia Fribourg kwa miguu, ujue mji huo uko Uswisi kwa sababu ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye kile kibanda. Amezikwa kanisani Sachseln, kando ya Ziwa Sarnen, na alitangazwa mtakatifu mwaka 1947.

Mimi ni Mlutheri. Naruhusiwa?

Hakuna atakayekuuliza. Na kusema kweli nusu ya njia ni nchi yako zaidi kuliko yangu mimi Mkatoliki. Zwingli, aliyeongoza Matengenezo ya Kanisa huko Zürich, alikuwa padri wa Einsiedeln kuanzia 1516 hadi 1518. Bern ilipofuata Matengenezo mwaka 1528, hija zilipigwa marufuku, na mapango ya Mtakatifu Beatus juu ya Ziwa Thun, ambako watu walikuwa wakienda kusali, yakakosa mahujaji. Njia inapita mlangoni pake hadi leo. Mwisho wa safari ni Geneva, kwenye kanisa alilohubiri Calvin, kiongozi mwingine wa Matengenezo. Yaani unatembea katika ugomvi wa Wakristo tangu mwanzo hadi mwisho, na sasa makanisa ya pande zote mbili yanaacha milango wazi ili uingie upumzike.

Hata wasio Wakristo wapo. Einsiedeln utawakuta Watamil wenye asili ya Sri Lanka, wengine Wahindu, wamekuja kumheshimu Mama.

Nalala wapi?

Hapa si Hispania, usitegemee nyumba ya mahujaji kila kijiji. Zipo chache, Rapperswil na Brienzwiler kwa mfano. Kwingine ni nyumba za watawa, vyumba kwa wenyeji, au kwa wakulima wanaokulaza ghalani juu ya majani makavu. Majani hayo yanawasha shingoni lakini usingizi wake ni mzito ajabu. Piga simu siku moja kabla. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku hata hiyo ya pili hupewi, labda uwe mgonjwa.

Gharama?

Kubwa. Kitanda cha nyumba ya mahujaji mara nyingi ni kati ya faranga 30 na 50, hoteli ya kawaida ni mia na zaidi, na kikombe cha kahawa ni kama faranga 5. Mimi nanunua mkate, jibini na matufaha dukani, nala kwenye benchi. Maji ni bure: chemchemi za vijijini zinanyweka, isipokuwa penye kibao cha "Kein Trinkwasser", yaani si maji ya kunywa. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi, la sivyo utakula zabibu kavu siku nzima.

Viza?

Uswisi iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya muda mfupi, inayoruhusu siku 90 kati ya 180. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Unaweza kuomba miezi 6 kabla, na isipungue siku 15 kabla. Mahujaji hukwama kwenye swali la malazi, maana njia ina vitanda ishirini tofauti. Andika jedwali la siku kwa siku, na uwe na uthibitisho wa malazi, kuanzia usiku wa kwanza.

Nitapotea?

Vigumu. Vibao vya manjano viko kila njia panda, na vidogo vya kijani vyenye namba 4 ndivyo vyako. Zingatia kwamba vibao vinaandika muda, si kilomita. Kikisema saa 1 na dakika 40, ni za Mswisi asiyesimama kunywa maji. Mimi huongeza theluthi.

Msimu gani?

Mei mwishoni hadi Oktoba mwanzoni. Kabla ya hapo Haggenegg huweza kuwa na theluji. Julai na Agosti anza kutembea alfajiri, kwa sababu radi hupenda alasiri. Ukiona taa za rangi ya chungwa zinamweka kandokando ya ziwa, upepo mkali unakuja. Zikimweka harakaharaka, kama mara 90 kwa dakika, ni dhoruba, na usikae karibu na maji ukipiga picha.

Wanyama wakali?

Ng'ombe. Msicheke. Simba hakuna, ila ng'ombe mwenye ndama akiona umekatiza kati yake na mtoto wake hana mzaha, na njia mara nyingi inapita katikati ya malisho. Zunguka kwa mbali, usimguse ndama, na ukiwa na mbwa kuwa makini maradufu. Uzio una umeme. Fungua kwa kushika mpini wa plastiki, pita, na urudishe kama ulivyoukuta. Mjomba wangu mfugaji alipoona picha ya ng'ombe wenye kengele kubwa shingoni aliuliza wanalalaje. Nami nimelala karibu nao, na swali hilo nimejiuliza pia.

Cha kuogopa kweli ni kupe wa majani marefu. Wanaambukiza ugonjwa wa ubongo, na chanjo yake ipo. Vaa suruali ndefu, jikague kila jioni, hasa nyuma ya magoti.

Mwanamke mweusi peke yake, ni salama?

Mimi nimetembea peke yangu mara nyingi na sijaguswa. Kutazamwa, ndiyo. Vijiji vingine vya jimbo la Obwalden pazia linasogea unapopita. Dawa niliyoigundua ni kusalimia kwanza, kwa sauti: "Grüezi" upande wa mashariki, "Grüessech" ukiingia Bern, "Bonjour" kuanzia Fribourg. Pazia linafunguka kabisa. Mzee mmoja karibu na Giswil alinijibu kwa "Jambo", akaniambia alikuwa na shangazi mtawa Dar es Salaam. Si ajabu: Makapuchini wa Uswisi walifika huko mwaka 1921, na masista wa Baldegg pia, na kwetu Ulanga kizazi cha babu zangu kilibatizwa nao. Alinipa tufaha, akataka nimwambie kama hospitali ya Ifakara bado ipo. Nikamwambia nilizaliwa humo.

Natakiwa kubeba nini?

Kidogo. Mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Viatu viwe vimeshatembelewa angalau mwezi. Mimi nilivaa vipya nikapata malengelenge manne kabla ya Fischingen, mwanzoni tu mwa njia. Koti la mvua, hata jua likiwaka.

Kuna cheti?

Geneva, hapana. Unabeba kitabu cha mihuri, na makanisa mengi yana muhuri wake mezani, unajigongea mwenyewe. Cheti hutolewa Santiago tu, kwa aliyetembea angalau kilomita 100 hadi pale. Kabla ya Geneva, lala Lausanne usiku mmoja. Tangu mwaka 1405 mlinzi husimama juu ya mnara wa kanisa kuu na kutangaza saa kwa sauti kwa pande zote nne, kila saa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 8. Nilikaa uwanjani na soksi mkononi nikimsubiri. Saa 4 ilipogonga, alijitokeza na taa yake, akaita.